Mpingo na Karomia: Hatari Mbili Zisizopimika kwa Kipimo Kimoja

Ukimwuliza mtu anayefuatilia habari za misitu ya Tanzania ni mti gani ulio hatarini kuliko yote, yaelekea atautaja mpingo. Ana sababu zake. Mpingo ndio mti wa vinyago vya Wamakonde, ndio mti wa klarineti na obo zinazopulizwa katika kumbi za muziki za Ulaya, na ni nadra uvunaji haramu kuzungumzwa bila jina lake kutajwa. Lakini ukiifungua Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, utakuta jibu jingine. Tathmini ya mwaka 1998 iliuweka mpingo, Dalbergia melanoxylon, katika kundi la spishi zilizo karibu na hatari, yaani zilizosimama nje ya mlango wa spishi zinazotishiwa. Ngazi ya juu kabisa, ile ya spishi zilizo hatarini mno kutoweka, imeshikwa na mti ambao Watanzania wengi hawajapata kuusikia: Karomia gigas, wa misitu ya pwani ya kusini. Ukitoka hapo ukaingia katika viambatisho vya CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori, mambo yanageuka tena. Mpingo umo, Karomia haumo. Orodha mbili zinazoheshimika duniani zimeitazama miti miwili inayoota katika ukanda mmoja, na kila moja imetoka na hukumu yake. Hoja yangu ni kwamba hakuna orodha iliyokosea. Kila moja imejibu swali lake. Kosa ni letu tunaozisoma kana kwamba zote ni ngazi moja ya hatari, kisha tukagawa fedha, sheria na huruma kwa kufuata vidato vya ngazi hiyo.

Kabla ya uainishaji wa hatari kuna uainishaji wa kibotania, na huo nao una mkono wake katika jambo hili. Mpingo ni wa familia ya Fabaceae, ukoo mmoja na kunde, maharage na mkwaju. Jenasi yake, Dalbergia, ina spishi zaidi ya 200 zilizotapakaa katika nchi za joto, zikiwemo nyingi zenye mbao za thamani kubwa. Wanabotania Guillemin na Perrottet waliueleza mpingo kitaalamu katika miaka ya 1830 kwa kutumia vielelezo vya Senegambia, jambo linaloonyesha upana wa makazi yake: unaota kuanzia Senegal upande wa magharibi hadi Ethiopia, kisha unashuka kupitia Kenya, Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Karomia gigas una historia nyingine. Familia yake ni Lamiaceae, ya mrehani, mnanaa na msaji, na spishi nyingi za jenasi yake ni vichaka au miti midogo, ilhali wenyewe ni mti mrefu unaopita mita 20, wenye shina lililonyooka. Ulipoelezwa kitaalamu mara ya kwanza uliwekwa katika jenasi Holmskioldia, baadaye ukahamishiwa Karomia. Jenasi hizo nazo zilihesabiwa zamani katika familia ya Verbenaceae kabla ya utafiti mpya kuzipeleka Lamiaceae, kama ulivyohama msaji. Kuhamishwa huko hakukuongeza wala kupunguza hata mche mmoja msituni. Kwa mpingo, kinyume chake, jenasi ndiyo iliyokuja kuamua sheria ya biashara yake.

Orodha Nyekundu inauliza swali moja tu: je, kuna uwezekano gani kwamba spishi hii itatoweka kabisa duniani? Ili jibu lisitegemee hisia za mtathmini, IUCN imeweka vigezo vya tarakimu. Spishi yenye viumbe vilivyokomaa chini ya 50, yaani mimea au wanyama wanaoweza kuzaa, inaingia moja kwa moja katika daraja la hatarini mno. Ipo pia njia ya ukubwa wa makazi, na ipo njia ya kasi ya kupungua: iliyopungua kwa asilimia 30 huanza kuhesabiwa kuwa inatishiwa, asilimia 50 huipandisha daraja, asilimia 80 huifikisha juu. Kwa Karomia hesabu haina utata. Ulijulikana kwanza kutoka pwani ya Kenya, na mti ule mmoja uliojulikana huko ukakatwa. Mwaka 1993 ukaonekana tena mamia ya kilomita kusini, katika eneo la Kilwa. Ukapotea machoni mwa wataalamu hadi mwaka 2011, wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoukuta tena ikiwa imesalia miti michache. Miti iliyokomaa inayojulikana haifiki 50. Spishi ya namna hiyo inaweza kufutwa na tukio moja: moto wa Septemba, shamba jipya la ufuta, au mtu mmoja mwenye shoka anayetafuta nguzo iliyonyooka.

Kwa mpingo vigezo hivyo vinakwama, na hapa ndipo msomaji anapopaswa kuwa mwangalifu. Kigezo cha idadi hakiugusi, kwa kuwa miti yake ni mingi mno. Kigezo cha makazi hakiugusi, kwa kuwa makazi yake ni nusu ya bara. Kinabaki kigezo cha kupungua, nacho hupimwa katika kipindi cha miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kutazama kilicho kirefu zaidi. Mpingo hukua polepole sana. Makadirio ya kawaida ni kwamba mti huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Hata tukikihesabu kizazi chake kwa miongo michache tu, vizazi vitatu vinaturudisha nyuma hadi zama za utawala wa Wajerumani au kabla yake, na hakuna aliyeihesabu mipingo ya Lindi, Nampula au Ukambani wakati huo. Kwa hiyo daraja la karibu na hatari, kwa mti kama huu, halimaanishi kwamba tumepima tukaona usalama. Linamaanisha kwamba ushahidi uliokuwepo haukutosha kuusukuma juu zaidi. Kati ya kauli hizo mbili kuna tofauti kubwa, ingawa katika jedwali la Orodha Nyekundu zinachukua nafasi ileile.

Lipo jambo jingine ambalo tathmini ya dunia nzima hailioni. Nchini Kenya mpingo haujatoweka kama spishi, lakini mpingo wa kibiashara, ule wenye shina nene na moyo mweusi usio na ufa, ulikwisha kiasi kwamba wachongaji wa Kikamba waligeukia mwembe, mwarobaini na jakaranda, au wakaagiza mbao kutoka Tanzania. Mahali pengi mpingo unaendelea kuishi kama kichaka: unachipua kutoka mizizini, unaungua, unachipua tena. Mtathmini wa Orodha Nyekundu akipita hapo atahesabu mpingo hai, na hatakuwa amekosea. Mchongaji akipita palepale atasema mpingo umekwisha, naye hatakuwa amekosea. Uvunaji wa mpingo huchagua miti iliyonyooka na minene na kuacha iliyopinda, na hata katika gogo lililovunwa ni sehemu ndogo tu, kwa kawaida chini ya moja ya kumi, inayofaa kutengenezea ala za muziki. Hatari ya mpingo basi ni kupotea kwa miti mikubwa, na pamoja nayo riziki na sanaa inayoitegemea, muda mrefu kabla spishi yenyewe haijafikia ukingoni. Orodha Nyekundu haikuundwa kupima hasara ya aina hiyo, na si haki kuilaumu kwa kutoipima.

CITES, kwa upande wake, inauliza swali tofauti: je, biashara ya kimataifa inaidhuru spishi hii, au inaweza kuidhuru isiposimamiwa? Mti usiouzwa nje ya nchi hauna nafasi humo hata ukibaki mmoja, na ndiyo sababu Karomia haumo. Mpingo ulifika humo kwa njia ndefu. Mwaka 1994, katika mkutano wa Fort Lauderdale, Kenya na Ujerumani ziliwasilisha pendekezo la kuuweka mpingo katika Kiambatisho cha II, kisha pendekezo hilo likaondolewa. Mpingo ukakaa nje zaidi ya miaka 20. Hatimaye uliingia kwa mlango wa jenasi: mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 uliamua kuweka Dalbergia yote katika Kiambatisho cha II, isipokuwa ile ya Brazili, Dalbergia nigra, iliyokwisha kuwekwa katika Kiambatisho cha I tangu 1992. Uamuzi huo ulianza kutumika tarehe 2 Januari 2017. Sababu kubwa ilikuwa kwamba mbao za Dalbergia zikishapasuliwa ni vigumu kwa ofisa wa forodha kuzitofautisha spishi kwa spishi, na mkataba unaruhusu spishi kuorodheshwa kwa ajili ya kufanana na ndugu zake. Yaani mpingo ulidhibitiwa, kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya ukoo wake. Wanabotania wangekuwa wameigawa Dalbergia katika jenasi tatu au nne, kama inavyotokea mara kwa mara katika fani hiyo, huenda mjadala wa Johannesburg ungechukua sura nyingine kwa miti ileile isiyobadilika hata jani.

Kutokana na hayo yote tunapata picha ya hatari mbili zisizolingana kwa asili. Mpingo unatishiwa na thamani yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nao umejiuza hadi miti yake mikubwa ikapungua pale ambapo barabara zinafika. Moto wa mwishoni mwa kiangazi huongeza madhara, kwa kuunguza miche na kuacha majeraha yanayoozesha moyo wa miti iliyokomaa. Karomia unatishiwa na uchache wake, pamoja na kutojulikana kwake. Hauna mnunuzi anayeuwinda, lakini pia hauna mtetezi anayeona hasara ukianguka. Anayesafisha shamba hajui kwamba amekata sehemu inayohesabika ya spishi nzima. Hata kuzaliana kwake kuna shida. Mwaka 2018 mbegu zilikusanywa kwa ushirikiano wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na bustani ya mimea ya Missouri Botanical Garden ya St. Louis, Marekani. Katika maelfu ya mbegu zilizokusanywa ni chache tu zilizoota, kwa kuwa nyingi zilikuwa zimeharibiwa na kuvu. Miche iliyopatikana ilikuzwa huko, na baadaye ikachanua. Mti wa Kilwa unaolelewa ndani ya nyumba ya vioo mjini St. Louis ni ushahidi wa jitihada za watu waliojali, na ni ushahidi pia wa jinsi spishi hii ilivyobakiwa na nafasi ndogo nyumbani kwake.

Msomaji anaweza kupinga kwa kusema: kama orodha hizi zinajibu maswali tofauti na kuwachanganya watu, kwa nini tusiwe na orodha moja inayojumlisha yote? Pendekezo hilo linavutia, lakini litaleta hasara kubwa zaidi. Uwezekano wa kutoweka, madhara ya biashara na upotevu wa miti mikubwa ni vitu vitatu, na kuvijumlisha kuwa alama moja ni sawa na daktari kujumlisha joto la mwili, shinikizo la damu na uzito wa mgonjwa kisha kumpa namba moja aende nayo duka la dawa. Namba hiyo haitamwambia mtu yeyote dawa ni ipi. Orodha Nyekundu inafanya kazi nzuri kwa sababu inauliza swali moja na kulijibu kwa kanuni zilezile kwa kila kiumbe. Zaidi ya hapo, waliounda vigezo vyake wameeleza bayana kwamba daraja la hatari peke yake halitoshi kuamua vipaumbele vya uhifadhi. Tahadhari hiyo imeandikwa tangu mwanzo. Kinachotokea ni kwamba daraja husafiri mbali kuliko maelezo yake: waombaji wa ruzuku, waandishi wa habari na hata watunga sera huchukua neno la mwisho la tathmini na kuiacha sababu iliyolizaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wa vijijini wenyewe. Kwa nini fedha zitumike kuilinda miti michache isiyo na soko, wakati mpingo ukitunzwa unajenga madarasa na zahanati? Hoja hii ina nguvu kwa sababu ina mfano hai. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu ya hifadhi katika ardhi yao na kubaki na mapato yake. Huko Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji vilivyosaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Mti uliokuwa ukitoroshwa usiku ukawa na hesabu, na mwanakijiji akawa na sababu ya kuulinda. Lakini mafanikio hayo yenyewe yanaonyesha mpaka wake. Mpingo huota katika miombo na nyika zenye miti. Karomia huota katika vipande vya msitu mkavu wa pwani. Kijiji kinachopima hifadhi yake kwa hesabu ya mipingo kinaweza kwa nia njema kabisa kukiacha nje kile kichaka kinene kisicho na mbao za kuuza. Soko la mpingo haliwezi kubeba mzigo wa Karomia, na kulitarajia libebe ni kuusukumia mti huo katika upofu uleule uliouficha kuanzia 1993 hadi 2011. Gharama za kuulinda pia si kubwa kiasi hicho: walinzi wachache kutoka vijiji jirani, kinga ya moto kuzunguka miti inayojulikana, na kitalu cha miche kusini mwa Tanzania.

Pingamizi la tatu linahusu haki. Wafanyabiashara wa mbao husema kwamba kuuweka mpingo katika CITES ilhali Orodha Nyekundu haiuhesabu kuwa unatishiwa ni kuwaonea. Hapo lazima kutofautisha. Kiambatisho cha II hakipigi biashara marufuku. Kinadai kibali cha kusafirisha, na kabla ya kibali, uthibitisho wa mamlaka ya kisayansi ya nchi kwamba uvunaji huo hauidhuru spishi. Kwa mti unaochukua karibu karne kukomaa, sharti hilo ni la busara, tena linaziba pengo ambalo Orodha Nyekundu imeliacha wazi: linamlazimisha mtu kuhesabu mipingo iliyopo leo badala ya kusubiri takwimu za vizazi vitatu. Malalamiko yenye msingi yako kwingine. Mkutano wa Geneva wa mwaka 2019 uliondolea sharti la kibali ala za muziki zilizokamilika pamoja na vipuri vyake, na pia bidhaa zilizokamilika ambazo mbao zake hazizidi kilo 10 kwa shehena. Mtalii anayebeba kinyago alipata nafuu, na mwanamuziki anayevuka mipaka na klarineti yake alipata nafuu. Gogo au kipande cha mbao kinachotoka Kilwa kwenda kiwandani bado kinadai karatasi zote. Anayebeba gharama za uthibitisho ni mwanzo wa mnyororo, penye faida ndogo, ilhali mwisho wake wenye faida kubwa umefunguliwa. Jawabu si kuutoa mpingo katika mkataba. Jawabu ni kwa viwanda vinavyonufaika na msamaha huo kuchangia upimaji wa miti katika misitu ya vijiji inakotoka malighafi yao.

Ikubaliwe pia kwamba hata kipimo sahihi hutegemea macho yaliyotazama. Mti mwingine wa ukanda huohuo wa kusini, Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu na shina la miiba, uliandikwa mwaka 1998 kuwa umetoweka, kisha ukaonekana tena ukiwa hai. Kisa hicho hakiidhalilishi Orodha Nyekundu, ambayo husahihishwa kila ushahidi mpya unapopatikana. Kinaonyesha tu kwamba misitu ya pwani ya Lindi haijatembelewa vya kutosha, na kwamba daraja lolote la mmea wa huko linabeba ndani yake uchache wa safari za wanabotania. Mpingo, unaotembelewa kila siku na watu wenye misumeno, una tatizo la kinyume: waliouona ni wengi, waliouhesabu ni wachache.

Basi ulinganisho wa miti hii miwili unatufundisha kusoma uainishaji kwa kuanzia sababu, ndipo tufike kwenye daraja. Kwa mpingo, kinachopaswa kupimwa mwaka hadi mwaka ni mgawanyo wa unene: mingapi ni miche iliyovuka urefu wa ndimi za moto, mingapi iko katikati, mingapi imefikia kuvunwa. Tiba yake ni umiliki wa kijiji, uchomaji wa mapema unaozuia moto mkali wa Septemba na Oktoba, na uvunaji unaofuata hesabu hiyo. Kwa Karomia, kinachopaswa kupimwa ni mti mmoja mmoja: umetoa mbegu au haukutoa, mche umeota chini yake au haukuota, kuna sehemu ngapi tofauti ambako spishi inaishi. Tiba yake ni ulinzi wa kila shina, vitalu ndani ya nchi, na kupanda upya katika vipande vya msitu vinavyofanana na kwao. Ukiupa mpingo tiba ya Karomia, utafunga biashara inayowapa wanakijiji sababu ya kuutunza. Ukiupa Karomia tiba ya mpingo, utasubiri soko ambalo halitakuja. Mipango ya usimamizi wa misitu ya vijiji na ya TFS tayari huorodhesha spishi na hadhi zake. Kando ya kila hadhi iongezwe safu moja inayotaja kinachoiua spishi hiyo mahali hapo, na nyingine inayotaja nani atahesabu na lini. Kwa safu hizo mbili, ofisa misitu wa wilaya atajua la kufanya Jumatatu asubuhi, jambo ambalo daraja peke yake, hata likiwa sahihi kiasi gani, haliwezi kumwambia.